Madole Sita ya Mwanawetu

Kila siku ya shule Mwanawetu aliamka pamoja na jogoo wa jirani, ingawa kati yao wawili ni jogoo peke yake aliyeamka kwa hiari. Alifagia uwanja, akachota maji ndoo mbili, akanywa chai kwa kiporo cha muhogo, kisha akashika njia ya shule na rafiki yake Yasmin. Jioni alikwenda madrasa. Alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, na kijijini kwao katika kata ya Mtunda, wilaya ya Kibiti, alijulikana kwa mambo mawili. La kwanza, alisoma kwa sauti bila kukwama. La pili, alikuwa na kovu jeupe lililokatisha dole gumba lake la kulia. Kovu hilo alilipata msimu uliopita, siku aliyokuwa akivuna mpunga huku akisimulia hadithi. Kisu hakipendi hadithi.

Jumatatu moja ya mwezi wa tano, Saadi wa bodaboda alisimama uwanjani kwao na bahasha kubwa ya kaki iliyotoka Dar es Salaam kwa basi. Juu yake palikuwa na mwandiko wa Johari, dada yake Mwanawetu aliyekuwa akisoma kilimo chuo kikuu, mwaka wa pili. Kabla bahasha haijafunguliwa, simu ya mama yao, Bi Ashura, ikaita.

"Mpe mdogo wangu, mama," sauti ya Johari ilisema. "Kazi hii ni ya msomaji."

Johari alieleza polepole. Chuo kilikuwa kimetenga fedha kwa wanafunzi wachache wa shahada ya kwanza, wafanye utafiti wao wenyewe wakati wa likizo ndefu. Aliyechaguliwa angelipwa posho ya miezi mitatu, pamoja na nauli na vifaa. Maombi yalikuwa yanafungwa Jumatatu inayofuata, saa sita mchana.

"Utafiti ndiyo nini hasa, dada?"

"Ni kuuliza swali na kulitafutia jibu kwa uangalifu. Langu ni hili. Mwaka ule maji yalipokaa mashambani wiki mbili, mpunga wa watu wengi bondeni ulioza. Wa Bi Semeni ulisimama. Kwa nini?"

"Si umuulize mwenyewe?"

Johari akacheka. "Ndiyo nataka kumuuliza, yeye na wengine tisa. Lakini mtu haulizwi mambo ya shamba lake na mbegu zake mpaka kwanza akubali kuulizwa. Ndani ya bahasha mna fomu ya ridhaa. Kurasa mbili ni maelezo, na wa tatu una majina yao wote kumi. Msomee kila mtu tangu mwanzo hadi mwisho, usiruke. Akikubali, mbele ya jina lake atie saini au aweke dole. Kidau cha wino kimo humo humo. Akikataa, mshukuru uondoke. Jumamosi nitakuja kuzichukua."

"Na usipopata hizo fedha?"

"Nisipopata, likizo yote nitauza vitenge katika duka la watu Mbagala, kama mwaka jana. Na swali langu litaendelea kukaa bila jibu. Nakutegemea wewe, Mwanawetu."

Mwanawetu alijisikia mkubwa. Aliiweka bahasha ndani ya mfuko wa shule, katikati ya daftari la hesabu na la sayansi, na siku ile ile baada ya chakula akaanza kazi.

Alianza kwa Mzee Kibwana, kwa sababu nyumba yake ilikuwa karibu. Alidhani angemaliza upesi, kama mtu aliyetumwa chumvi. Kumbe mzee hapewi karatasi mlangoni. Kwanza alipigiwa shikamoo, naye akaitikia marahaba na kuuliza hali ya mama, ya baba aliyekuwa akilinda mpunga bondeni, ya Johari, na hata ya mbuzi wao mwenye pembe moja. Kisha Mwanawetu akakaribishwa uji. Ndipo akasoma. Mzee alimsimamisha kila mstari.

"Hapo panasema naweza kujitoa wakati wowote?"

"Ndiyo, babu."

"Hata katikati ya kazi, nikishachoka na maswali ya dada yako?"

"Hata katikati."

"Haya. Hiyo ndiyo adabu." Mzee Kibwana akachukua kalamu, akaandika jina lake kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, taratibu na kwa fahari. Mwanawetu alipotoka hapo, madrasa ilikuwa imeshaanza.

Jumanne akapata mtu mmoja. Jumatano akapata wawili, wote wakaweka dole. Waliobaki walikuwa bondeni, katika madungu. Ulikuwa msimu wa kuamia ndege, na mwenye shamba alishinda juu ya kibanda chake cha miti kirefu, akiulinda mpunga usiliwe kabla haujavunwa.

Alhamisi Mwanawetu alivuka kijito kwa ulalo wa gogo la mnazi, akafika kwenye dungu la Bi Semeni. Bibi huyo alikuwa mjane mwembamba, mwenye macho makali na ulimi usiolala. Kutoka kwenye dungu lake zilitoka kamba nne ndefu, kila moja imefungwa makopo matupu mwishoni. Ndege walipotua upande huu, alivuta kamba hii. Walipohamia upande ule, alivuta ile, huku akiwatukana kwa Kindengereko.

Mwanawetu alipanda ngazi, akasalimu, akasoma kurasa zote mbili kati ya kelele za makopo.

"Na nikikataa?" Bi Semeni aliuliza.

"Imeandikwa hapa, bibi, kwamba unaweza kukataa na hakuna atakayekukasirikia."

"Hebu nisomee tena hapo."

Mwanawetu akasoma tena. Bi Semeni akavuta kamba, ndege wakaruka.

"Walikuja watu hapa," alisema. "Wana gari zuri na viatu vya mpira. Wakapiga picha mpunga wangu, wakachukua vibaba vitatu vya mbegu ya mama yangu. Wakasema, bibi, tutarudi tukwambie tulichokiona. Miaka sita sasa. Huwaoni? Basi nami siwaoni." Akaigeuza ile karatasi, akairudisha. "Johari ni mtoto wetu, lakini jambo hili nitalifikiria. Njoo kesho nikupe jawabu."

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa hiyo jioni ilikuwa na mechi ya netiboli kati ya shule yao na shule ya Dimani. Mwanawetu alikuwa mfungaji. Alijiambia kwamba angecheza kwanza, kisha akimbie bondeni. Walicheza, wakashinda, wakaimba njia nzima. Alipofika nyumbani kivuli cha nyumba kilikuwa kimeshavuka uwanja wote, na bonde lilikuwa mbali.

Aliketi na Yasmin nyuma ya jiko, karatasi ya majina mapajani. Safu kumi, zilizojazwa nne.

"Dada atafika kesho asubuhi," alisema. "Alinitegemea mimi."

"Sasa wasiwasi wa nini?" Yasmin akauliza. "Kwani hao waliobaki watakataa?"

"Sijui."

"Wangekubali tu. Johari wanamjua. Na dole ni dole, Mwanawetu. Nani analitazama? Limekaa tu pale kama doa la mafuta."

Mwanawetu alikitazama kidau cha wino. Alijua kwamba si sawa. Lakini alijua pia kwamba dada yake angefika na kuona safu sita tupu, na hilo ndilo aliloliogopa zaidi. Akachovya dole lake kwenye wino, akaligandamiza mbele ya jina la kwanza. Halikuuma. La pili lilikuwa rahisi zaidi. Aliruka ruka kati ya safu, hapa kwa nguvu, pale kwa kuegemea upande, ili yasifanane. Mwisho akafika kwenye jina la Bi Semeni binti Saidi. Hapo mkono ulisita. Kisha ukashuka.

Usemi wa wazee ni kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Jioni ile kidole kimoja kilikuwa kimefanya kazi ya watu sita.

Jumamosi Johari alishuka kwenye bodaboda ya Saadi akiwa na mkoba wa mgongoni na mfuko wa machungwa. Alipoona ukurasa umejaa, alimkumbatia mdogo wake mpaka kilemba kikamvuka.

"Mama, umemwona binti yako? Kumi kwa kumi! Mimi mwenyewe nisingeweza."

"Mwanangu ana bidii," Bi Ashura alisema, akimmenyea Mwanawetu chungwa kubwa kuliko yote.

Chungwa lilikuwa tamu, ila Mwanawetu hakuweza kulimaliza. Sifa usiyostahili hukwama kooni kama mwiba wa samaki.

Saa nne walikuwa Kibiti mjini, yeye na dada yake, ndani ya steshenari ndogo mkabala na stendi. Nje mabasi ya kusini yalipiga honi na wauza korosho walikimbilia madirisha. Ndani, kijana mwenye duka aliyeitwa Dadi aliziweka karatasi kwenye mashine ya kuskani, moja baada ya nyingine. Johari alikuwa ameshaketi mbele ya kompyuta, akijaza sehemu za mwisho za maombi.

Ukurasa wa majina ukatokea kwenye kioo. Dadi akaukuza, aone kama umetoka vizuri. Madole yaliyokuwa madogo kama mbegu za papai yakawa makubwa kama mapapai yenyewe. Kovu lake lilikuwa pale, mstari mweupe ulionyooka katikati ya wino. Lilikuwa pale mara sita.

Akaficha mkono ndani ya mtandio.

"Yametoka safi," Dadi alisema bila kuyatazama sana, akageuka kumhudumia mteja mwingine.

Hakuna aliyeona. Mwanawetu alijua kwamba akinyamaza, hakuna atakayeona milele. Johari aliyapitia majina kwa ncha ya kalamu, akitabasamu.

"Hata Bi Semeni! Kusema kweli huyu ndiye niliyemwogopa. Utafiti wote umesimama juu ya mbegu yake, angekataa ningeanguka. Tukitoka hapa tumnunulie sukari kilo mbili. Nitampelekea mwenyewe, nimshukuru kwa kukubali."

Mwanawetu alimwona Bi Semeni juu ya dungu lake, anapokea sukari, anauliza: nimekubali nini? Aliwaona wale watu wenye viatu vya mpira. Dada yake alikuwa ameshika kipanya, mshale umesimama juu ya neno TUMA.

"Dada, usitume."

"Kuna nini?"

Akautoa mkono kwenye mtandio, akaliweka dole lake kando ya kioo, karibu na yale sita. Hakuwa na haja ya kusema mengi. Johari alilitazama dole, akatazama kioo, akalitazama tena dole. Uso wake ukabadilika taratibu, na hilo lilimuumiza Mwanawetu kuliko kofi.

"Yapi ni ya kweli?" Johari aliuliza kwa sauti ndogo.

"Manne ya juu."

"Na Bi Semeni?"

"Alisema nirudi jana nichukue jawabu. Sikurudi. Nilikwenda kwenye netiboli." Machozi yakaanza kumtoka. "Nisamehe, dada. Niliogopa safu tupu."

Johari aliinuka, akatoka nje, akasimama kwenye jua kitambo kizima akiwa amewapa mgongo. Aliporudi hakuwa na hasira tena, au alikuwa ameibana. Alimpigia simu mhadhiri wake, Daktari Faraja, akaweka sauti ya nje ili Mwanawetu asikie. Akaeleza yote bila kuficha.

"Nani amegundua?" Daktari Faraja aliuliza.

"Mdogo wangu amesema mwenyewe, tulipokuwa karibu kutuma."

"Basi mshukuru Mungu. Kama ungetuma na ikagundulika baadaye, usingekosa fedha hizi tu. Jina lako lingekwenda na maji, na wanakijiji wasingemwamini mtafiti mwingine. Ila nikuulize, Johari. Kupata ridhaa ni kazi ya nani?"

Johari akainamisha kichwa, ingawa mhadhiri hakuweza kumwona. "Ni yangu."

"Ukamwachia mtoto wa darasa la sita, peke yake, kwa siku tano. Na wewe una lako hapo. Sasa sikiliza. Kumi nilisema mimi kwa kukadiria, si amri. Watano wa kweli ni bora kuliko kumi wa uongo. Lakini bila mwenye mbegu huna utafiti. Na Jumatatu saa sita mchana haisogei, hata kwa machozi."

Simu ikakatika. Johari akamwomba Dadi achapishe ukurasa mpya wa majina, mtupu. Majina manne ya juu yangejazwa upya na wenyewe. Ule wa zamani aliukunja, akampa Mwanawetu.

"Tutakwenda kwa wote sita," alisema. "Mimi nitaomba ridhaa. Lakini kabla sijafungua mdomo, wewe utawaambia ulichofanya."

"Wote sita?"

"Uliweka madole mangapi?"

Walianza mchana ule ule. Kazi ya kuomba ilikuwa ngumu, lakini kazi ya kukiri ilikuwa ngumu zaidi, na haikuzoeleka kwa kurudiwa. Mama mmoja alicheka mpaka akajifuta machozi, akaweka dole lake. Mwingine hakucheka hata kidogo. Alisikiliza fomu mpaka mwisho, akasema hapana, hataki kuhojiwa. Johari akamshukuru, wakaondoka. Wa tatu alikuwa amekwenda Ikwiriri kumtazama mgonjwa, na jina lake likabaki tupu.

Aliyewatoa jasho zaidi ni Mzee Muhidini, aliyekuwa zamani karani wa chama cha ushirika. Alisikiliza kosa la Mwanawetu huku masharubu yakimcheza.

"Hebu lete hiyo karatasi. Umenitilia dole?" alifoka. "Dole! Mimi niliyeandika barua za ushirika miaka kumi na saba! Si bora ungeghushi saini, watu wakajua walau nimesoma!"

"Nisamehe, babu."

"Kughushi nitakusamehe, wewe ni mtoto. Lakini dole!" Akaidai kalamu yake mwenyewe kutoka ndani, akaisoma fomu yote kwa miwani, akasahihisha koma mbili, kisha akatia saini yenye mkia mrefu ulioingia safu ya chini yake. Johari alimeza kicheko. Mwanawetu hakuthubutu hata kumtazama dada yake.

Jumapili alasiri, baada ya wale wanne wa mwanzo kujaza upya na wa tano naye kukubali, walibaki na Bi Semeni. Ulalo ulikuwa ule ule, lakini Mwanawetu aliuona mrefu. Waliyasikia makopo kabla ya kuliona dungu.

"Mgeni wa Ijumaa amefika Jumapili," Bi Semeni alisema walipopanda. "Karibuni. Nilikungoja mpaka jua likazama, mjukuu wangu. Nikasema labda mtoto anaumwa."

Mwanawetu hakuwa amelifikiria hilo, kwamba bibi alimngoja. Alipiga magoti juu ya fito za dungu, akaikunjua ile karatasi ya zamani. Akaeleza yote, mechi, jiko, wino na ile mara ya sita mkono uliposita. Hakumtaja Yasmin, kwa kuwa dole halikuwa la Yasmin.

Bi Semeni aliichukua karatasi, akaisogeza machoni. Hakujua kusoma, ila madole aliyajua.

"Hili ndilo langu?"

"Ndiyo, bibi."

"Mbona changa hivi? La kwangu limechoka." Alisema kama utani, lakini hakutabasamu. Ndege wakatua upande wa kijito, naye hakuvuta kamba. "Ijumaa nilikuwa na jawabu langu. Huenda lilikuwa ndiyo, huenda lilikuwa hapana. Nililiweka hapa kifuani nikakungoja. Wewe umelijibu huko nyuma ya jiko. Wale wenye gari walinichukulia mbegu, Mwanawetu. Wewe umenichukulia kauli yangu. Mbegu niliyobakiwa nayo nikapanda tena. Kauli nitapanda nini?"

Mwanawetu alilia, si kwa kuogopa adhabu, bali kwa sababu kwa mara ya kwanza alikiona alichokiiba. Johari naye alikuwa ameinamisha uso.

"Kosa ni langu pia, bibi," Johari alisema. "Nilipaswa kuja kwako kwa miguu yangu. Nilituma karatasi. Ukikataa leo, nitaondoka na nitakusalimu kesho kama jana. Hilo nakuahidi."

"Na fedha zako za chuo?"

"Nitazikosa."

Ndege walikuwa wanajilia. Mwishowe Bi Semeni akavuta kamba kwa nguvu, makopo yakalia bonde zima.

"Wale hawakurudi," alisema. "Huyu mtoto amerudi, tena kwa jambo la aibu. Anayerudi na aibu yake atarudi na mengine." Akamgeukia Johari. "Nina sharti. Mtakachokiona kwenye mpunga wangu, kisomwe hapa kijijini kwanza, kwa Kiswahili, kabla hakijasomwa huko chuoni kwenu. Na msomaji awe huyu. Andika."

Johari akaandika kwa mkono chini ya fomu, akasoma kwa sauti. Bi Semeni akamwambia asome tena. Kisha akachovya dole lake kwenye wino, akaliweka mbele ya jina lake. Lilikuwa dole pana, limesuguliwa na jembe, mistari yake karibu imefutika.

"Na wewe," alimwambia Mwanawetu akijifuta wino, "kuanzia kesho mpaka nivune, ukitoka shule utakuja kuniamia ndege. Netiboli itangoja."

Jumatatu saa tatu asubuhi maombi yalitumwa kutoka steshenari ile ile, yakiwa na majina manane. Johari aliambatanisha barua fupi ya kueleza kwa nini si kumi, kwamba mmoja alikataa na mmoja hakuwepo. Mwanawetu hakuona mshale ukibonyezwa. Alikuwa darasani, akiwaza makopo.

Kila alasiri alivuka ulalo. Bi Semeni alimfundisha kuvuta kamba kabla ndege hawajatua, na kati ya kundi na kundi alizungumza. Siku moja Mwanawetu alimwona akitembea kwenye pembe ya shamba iliyo chini kuliko zote, akichagua masuke moja moja na kuyatia ndani ya kanga.

"Bibi, kwa nini huko tu?"

"Mbona dada yako hajaniuliza?" Bi Semeni alijibu. "Mwambie aje na daftari."

Majuma matatu baadaye simu ya Bi Ashura iliita, aliyepiga ni Johari. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Alikuwa amechaguliwa. Kwenye usaili, waliomhoji walimuuliza zaidi juu ya yule aliyekataa kuliko juu ya mpunga. Walitaka kujua alimjibu nini, naye akawaambia kweli, kwamba alimshukuru akaondoka.

Likizo ile Johari hakuuza vitenge. Alitembea mashamba manane na daftari lake na kamba ya kupimia, na mwezi wa kumi watu waliitwa uwanjani kwa Bi Semeni. Jikoni kwake yalionekana masuke ya mbegu yaliyoning'inizwa juu ya meko, yamepakwa moshi. Mwanawetu akasimama mbele ya wazee wote aliowatilia dole, akasoma bila kukwama. Ilisemwa kwamba Bi Semeni, kama mama yake kabla yake, huchukua mbegu pembeni mwa shamba kwenye maji marefu tu, kutoka kwenye mashina yaliyobaki yamesimama, mwaka baada ya mwaka. Ilisemwa pia kwamba hilo si jibu lote, na kazi ingali ipo.

"Hilo ningewaambia siku ya kwanza," Bi Semeni alisema, na watu wakacheka. Lakini alikuwa amenyoosha mgongo.

Kisha ikapitishwa karatasi ya waliohudhuria. Mzee Muhidini akatia saini yenye mkia. Mzee Kibwana akaandika kutoka kulia. Bi Semeni akaweka dole, halafu akamwita Mwanawetu.

"Na msomaji je? Lete mkono."

"Mimi najua kuandika, bibi."

"Najua unajua. Leo nataka dole." Akalishika lile dole lenye kovu, akalitazama juani. "Dole la mtu ni neno lake, mjukuu wangu. Lako liweke pale moyo wako unapokubali. La mwenzio lingoje, hata akichelewa, hata jawabu lake likiwa hapana. Mtu mwongo anaweza kujaza karatasi nzima, asiwe amesema hata neno moja."

Mwanawetu alichovya dole lake kwenye wino, akaliweka mara moja tu, mbele ya jina lake mwenyewe. Mstari mweupe ukatokea katikati. Bi Semeni akautazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akampa ndoo akateke maji ya wageni.